Rafu ya Nyuzi Dukani kwa Lalji

Babu yangu mzaa baba alinichapa mara moja tu, na alinichapa kwa sababu ya moto. Tulikuwa porini upande wa Inyonga, msimu wa kurina asali. Yeye na baba mdogo walikuwa juu ya miti, mimi nimeachwa kambini kuyeyusha nta. Kazi yenyewe ni ya kukaa tu. Unaweka masega kwenye sufuria yenye maji, chini unaweka makaa machache, unasubiri. Mimi sikuwa mtu wa kusubiri, nikaongeza kuni. Nta ikapanda, ikamwagika, ikashika moto, na iliyobaki ikawa nyeusi kama matope ya mbugani. Babu akarudi. Akavuta kamba ya gome la mti, akanichapa, halafu akakaa karibu yangu, akakwangua lile donge jeusi kwa kisu na kuniwekea mkononi.

"Hii asubuhi ilikuwa nyumba," akasema. "Ilikuwa na vyumba. Haya, irudishe."

Nililia kwa ajili ya viboko, sio kwa ajili ya nyuki. Babu alishakufa zamani. Mizinga yake ilibaki mitini tulipohamishiwa kijijini na serikali, na hakuna mtu aliyeifuata. Nikienda leo hata ile kambi siioni.

Nta iliyosalimika ndiyo iliyonileta Mpanda mjini. Siku hizo nta ilikuwa na mnunuzi mmoja wa haki, Mhindi anaitwa Lalji, duka lake lilikuwa njia ya kwenda stesheni. Alinunua nta, aliuza chumvi, majembe, khanga, na upande wa kushoto wa duka aliuza santuri na mashine za kuzipigia. Nilipofika na gunia langu nilikuta Lalji na fundi wake wameinamia gramafoni ya kuzungusha kwa mpini, spring yake imeruka. Fundi akaniambia, "Wewe wa gunia, shika huu mfuniko, usitikisike." Nikashika. Kwetu mtu akitikisika karibu na mzinga anajua mwenyewe yatakayompata. Wakamaliza, fundi akanitazama, akamwambia Lalji, "Huyu hatikisiki." Ndivyo nilivyoajiriwa. Shule nilikuwa nimesoma madarasa mawili na nusu, na ile nusu ni ya kuchota maji ya mwalimu.

Nawaandikia haya nyie vijana wa nyumba hii kwa sababu mmechoka kuniuliza na mimi nimechoka kunyamaza. Mnasema, babu, wewe uliuza muziki ujana wako wote, mbona nyumbani kwako hakuna hata redio? Mjukuu wangu wa Kakese aliniletea spika ndogo inayoongea na simu, nikamrudishia, akanuna. Basi kaa, soma. Sitafuata mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Kwanza biashara yenyewe, muielewe. Kuuza muziki Mpanda ni kuuza mpunga. Watu wa Mwamkulu wakivuna vizuri, santuri zinaondoka kama maandazi. Mvua ikikosa, utakaa na kaunta yako unafukuza nzi. Lalji hakuwa na haja ya kusoma magazeti. Alikuwa anaangalia baiskeli zinazoingia sokoni, kama zina magunia nyuma au zina watu tu, kisha anaagiza mzigo au anaacha.

Na mnunuzi wa wakati ule alikuwa hasomi, au anasoma kwa shida kama mimi. Alikuwa anakuja anasema, "Nipe ile ya duara la bluu yenye jogoo." Mwingine, "Ile wanayolia gitaa kama mvua kwenye bati." Unatakiwa ujue. Mama mmoja kutoka Kasekese aliniimbia wimbo mzima pale kaunta, mtoto mgongoni, mstari wa watu nyuma yake. Nikamletea ninayoijua mimi, akasema sio. Nikaleta nyingine, sio. Mwishowe mzee mmoja nyuma akasema, "Mama, huo wimbo ni wa padri wetu, hauko kwenye santuri, umeusikia kanisani." Akaondoka na chumvi.

Mashine zilibadilika haraka kuliko watu, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, ingawa sio wote. Nilipoingia dukani watu bado walikuwa na gramafoni za mpini na zile santuri nzito, ukiangusha moja inapasuka kama sahani ya udongo. Mara zikaacha kuja. Zikaja ndogo, nyepesi, za plastiki, na mashine zake za betri zinazofungwa kama sanduku la safari. Hakuna aliyewaambia watu wa vijijini kwamba zile ndogo hazipigwi kwenye mashine ya zamani. Mtu wa Mwamkulu, jina lake nalihifadhi kwa sababu wajukuu zake wapo, aliuza mpunga, akanunua santuri ndogo nyingi za harusi ya binti yake, akaenda kuzipiga kwenye gramafoni ya marehemu baba yake. Ile mashine inazunguka kwa kasi kuliko mpya, mkono wake ni chuma kizito na sindano yake ni kama msumari. Waimbaji wakaanza kuongea haraka kama wanakimbizwa na nyuki, na mara ya pili hakuna mwimbaji tena, kuna mchanga. Akaja dukani na santuri zake zimechimbwa kama shamba.

"Mmeniuzia wagonjwa," akaniambia.

Lalji akampa nyingine badala yake. Mwenye duka wa leo angefanya hivyo? Mimi nilikuwa nacheka siku ile. Leo naona yule mzee alikuwa na haki. Kila baada ya miaka michache mnaambiwa mlichonacho hakifai, leteni pesa ya kipya, na aliyewauzia cha kwanza ndiye anayewaambia. Mimi nilikuwa mdomo wa maneno hayo. Nimeyasema kwa tabasamu, nimesimama pale, shati limepigwa pasi.

Betri zilipoadimika ndipo tukaona vituko. Watu wakaanika betri juu ya bati kama dagaa. Wengine walizitafuna pembeni ili zitoe nguvu ya mwisho. Santuri ikaanza inaimba vizuri, katikati mwanaume anakuwa mgonjwa, mwishoni anakufa. Halafu redio ikawa inaleta muziki bure, na mtu anajiuliza kwa nini anunue wimbo mmoja wakati sanduku lile lile linampa nyimbo, habari na kipindi cha wakulima. Halafu tukaanza kusikia habari ya kaseti, kwamba mtu wa Tabora anajirekodia mwenyewe nyumbani. Lalji aliponiambia hilo alikuwa anakunywa chai, akaiweka chini haijaisha.

Nimesahau kuwaeleza habari ya fundi. Aliitwa Nassoro, Mnyamwezi wa Tabora, mkavu, mwenye dharau, na kila nilichokijua nilikijua kwake. Alinifundisha kupima sindano kwa kuipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwangua, itupe, maana inachokwangua kwako itakikwangua kwenye wimbo. Alinifundisha kuosha santuri kwa maji baridi na sabuni kidogo na kuianika kivulini. Akaniambia, "Kalinde, wimbo unaanzia nje unakwenda ndani. Mwanzo uko pembeni kabisa, mwisho uko karibu na karatasi ya katikati. Kwa hiyo ukishika vibaya, unaua mwanzo." Na habari ya joto alinipigia kelele kila siku. Treni ilikuwa ikichelewa, behewa linakaa juani, mzigo unafika santuri zimepinda kama majani ya mgomba. Hapo tulikuwa tunaweka santuri moja moja kati ya vioo viwili, juu tunaweka jiwe la mizani, tunaanika juani taratibu hadi inyooke. Iliyopinda kidogo inanyooka. Iliyoshikwa na moto hainyooki. Nikamwambia habari ya babu na ile nta. Nassoro, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, akasema, "Babu yako alikuwa fundi."

Sasa nije kwenye ile rafu.

Dukani kwa Lalji kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta mahali pengine. Mteja aliruhusiwa kuonja. Unachagua santuri, nakupigia upande mmoja, unaamua. Jumamosi baraza lilijaa watu wa kuonja tu, wanacheza, wanasifu, halafu wananunua kibiriti. Lalji hakukasirika. Kutokana na kuonja ikazaliwa desturi ya pili. Watu waliokuwa na santuri lakini hawana mashine, au mashine imekosa betri, walianza kuziacha dukani. Ukija sokoni, unapita, unapigiwa ya kwako, unaiacha hapo hapo, unarudi kijijini. Mkono wangu wa kushoto kulikuwa na rafu ya mbao kwa ajili yao. Na kwa kuwa wenye mali hawaandiki na mimi naandika kwa shida, kila mtu alifunga uzi wake kwenye bahasha ya santuri. Mwekundu wa fulani, wa katani wa fulani, mwingine unywele wa mkia wa ng'ombe. Tuliita rafu ya nyuzi. Haikupotea hata moja. Kulikuwa na mzee mmoja Mpimbwe, kiziwi, naye alikuwa na yake humo. Alikuwa anauma kijiti kwa meno, ncha nyingine anaigusisha kwenye ubao wa mashine, anafumba macho, anatikisa kichwa kwa mapigo yenyewe hasa. Watu walikuwa wakimcheka mpaka walipojaribu.

Walipoletwa Warundi makazi ya Katumba, wale waliokimbia vita kwao, tukapata wateja wapya wasionunua kitu, maana hawakuwa na kitu. Mmoja wao aliitwa Nyandwi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, koti lake kubwa kuliko yeye. Alikuja akasimama mbali na kaunta mpaka watu wapungue, akatoa kifuani kitu kilichofungwa kwa mkanda wa kitenge. Ni santuri ndogo.

"Mwana wanje," akaniita, maana yake mwanangu, "hii mashine yako inakubali ya watu wengine?"

"Inakubali ya mtu yeyote, mzee. Umeitoa wapi?"

"Nyumbani. Nimevuka nayo."

Watu wengine walivuka na mbuzi, na sufuria, na mtoto mgongoni. Nikamuuliza, kwa utani wa kijinga, kama hakupata kitu cha kula cha kubeba. Akasema, "Nilishika kilichokuwa karibu na kile nilichotaka." Sikumwelewa. Nikaipiga.

Ni wimbo wa kwaya ya parokia yao, umerekodiwa na mapadri. Anaanza mwanamke peke yake. Maneno machache tu, sauti nyembamba lakini imesimama, halafu wengine wote wanamdaka. Walipomdaka tu, Nyandwi akainua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mwanamke akaanza tena. Kwaya ikaingia.

"Rudisha."

"Mzee, wimbo una mbele yake."

"Hao wengine nawajua. Rudisha."

Yule mwanamke alikuwa mkewe, Serafina. Hakuvuka. Sikuuliza zaidi na yeye hakuniambia zaidi. Hakuwa na picha yake. Alikuwa na pale mwanzo tu, pembeni kabisa ya ile plastiki, upana wa unyasi.

Akaiacha kwenye rafu ya nyuzi, na uzi wake ulikuwa ule ule mkanda wa kitenge, wa rangi ya manjano yenye ndege weusi, ni nguo ya mkewe. Katika kibanda cha nyasi alichopewa, alisema, mchwa wanakula hata mpini wa jembe. Kwa hiyo dukani ndiko pa salama. Mimi ndiye niliyemhakikishia. Nilisema kweli wakati huo, maana Lalji alikuwapo.

Akawa anakuja kila akipata ruhusa ya kutoka makazini. Nikawa namwekea sindano mpya, ambazo nilizificha hata Nassoro asizione. Lakini hata sindano mpya inakula. Siku moja nikamwambia, "Mzee Nyandwi, hapa mwanzoni tunapachimba. Tukiendelea kurudisha hivi, mama atapotea." Akakaa juu ya gunia la chumvi. Kisha akasema, "Basi leo mara moja tu. Na siku nyingine nikija, usipige. Nitakaa tu karibu nayo." Na kweli, kuna siku alikuja akakaa, hatukuipiga, akaondoka ametosheka kama mtu aliyekula. Nassoro, yule mwenye dharau, alikuwa anampa chai.

Halafu Lalji akaondoka. Wenzake wengi waliondoka miaka ile, na yeye mtoto wake alishatangulia nje. Duka akaliuza kwa mtu anaitwa Evarist, mtu wa kutoka mji mkubwa, mnene kidogo, mchangamfu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Siku ya makabidhiano nilikuwapo. Lalji alimpitisha kila kona. Walipofika kwenye rafu ya nyuzi, akaweka mkono juu yake, akasema, "Hizi siuzi. Hizi za watu. Kalinde anajua kila uzi wa nani."

"Nimeelewa, mzee," Evarist akasema. "Za watu."

Alisema hivyo, na masikio yangu hayakuwa na nta siku ile. Mtu asije kuwaambia alikuwa hajui.

Nassoro hakukaa. Alimtazama Evarist wiki moja, akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akarudi Tabora. Mimi nilibaki kwa ajili ya mshahara na kwa ajili ya ile rafu, na sijui ipi ilikuwa zaidi.

Evarist alikuwa mfanyabiashara kuliko Lalji, hilo nalikubali. Aliona santuri hazitoki na redio zinatoka. Akaniambia, "Kalinde, huu ukuta wote wa santuri unakula nafasi ya redio. Tufanye nini?" Nikamwambia tushushe bei, tungoje mpunga. Akacheka. Mkewe alikuwa ametembelea dada yake Tabora akaona kitu kwenye sebule za wakubwa. Unachukua santuri, unaiweka juu ya kopo la maziwa ya unga, kopo liko karibu na jiko la mkaa. Santuri inalegea kingo zake, inashuka, inajikunja mawimbi mawimbi kama ua. Ikipoa una bakuli. Watu wanaweka pipi, wanaweka sabuni, wanaweka juu ya redio palipotandikwa kitambaa cha kufuma.

Na ziliuzika. Nyie mnaopenda habari za biashara, andikeni hiyo. Wimbo ambao nilikaa nao miaka hakuna aliyeutaka, ulipochomwa ukawa bakuli uligombewa. Mke wa bwana mmoja wa ofisini alichukua za kupanga sebuleni kwake mlango mpaka mlango. Mtu alikuwa anashika bakuli anasoma karatasi ya katikati, anasema, "Kumbe huu wimbo naujua, nilicheza siku ya ndoa yangu," anaweka pipi juu yake. Mimi nasimama pale.

Nilimwambia Evarist uso kwa uso, "Ukuta wako ni wako. Lakini rafu ya nyuzi usiguse." Akasema, "Kalinde, unaniona mwizi?"

Akanituma stesheni kupokea redio. Treni ikaharibikia njiani huko porini. Huwezi kuacha mzigo wa redio upokelewe na watu wa stesheni, kwa hiyo nikalala pale, nikalala tena. Niliporudi na mkokoteni wa maboksi niliona kwanza dirisha. Bakuli mpya zimepangwa, zinang'aa. Kisha nikatazama mkono wangu wa kushoto. Rafu ina redio.

Kwenye kona palikuwa na takataka zilizofagiliwa. Nyekundu, katani, mkia wa ng'ombe, na ule mkanda wa kitenge, wa manjano wenye ndege. Nikauokota, nikatia mfukoni.

"Bwana Evarist, za watu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za nyuzi."

"Ah, zile." Alikuwa anafungua boksi la redio, hata hakuinua uso. "Nilitafuta jina la mtu, sikuona. Wewe unaweza kunionyesha jina? Karatasi? Hakuna karatasi, hakuna mwenyewe. Na mke wangu alipata oda ya harusi."

"Lalji alikwambia."

"Lalji yuko wapi?"

Nikaenda dirishani, nikazigeuza moja moja. Zingine zilishaondoka. Ya yule mzee kiziwi haikuwapo, mpaka leo sijui iko juu ya meza ya nani. Ya Nyandwi ilikuwapo. Niliitambua kwa msalaba mdogo kwenye karatasi yake. Kingo zake zimejikunja vizuri kabisa, mke wa Evarist alikuwa na mkono mzuri, hilo nalo nalisema.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Alfajiri nilikuwa nimeshaitia kati ya vioo viwili na jiwe juu, nimeiweka uani ingoje jua, na jua la Mpanda ninyi mnalijua. Evarist alipita, akatikisa kichwa, akaniacha. Nilijua haiwezi. Nilishafundishwa na watu wawili kwamba haiwezi. Lakini nifanyeje, nikae tu?

Nyandwi akaja mchana, na koti lake. Alitazama rafu, akaona redio. Akatazama dirisha. Nilitaka nimweleze kwa mpangilio, lakini maneno hayakuja na mpangilio, nikasema tu, "Mzee, wameichoma. Nimejaribu kuinyoosha."

Akavua kofia. Nikaleta ile santuri kutoka uani, ikiwa bado ya moto. Ilikuwa imenyooka kiasi cha kuzunguka, lakini pembeni imebaki na mawimbi. Kopo lile la maziwa lilikuwa limeshika katikati, kwa hiyo katikati palikuwa sawa, palipokuwa juu ya kopo hapakulegea. Pembeni ndipo palipoanguka. Nyie sasa mnajua pembeni kuna nini.

Nikaweka sindano mpya. Nikaishusha pale mwanzo kabisa. Ikaruka. Nikaishusha tena, ikapiga kelele kama mlango, ikaruka, ikateleza mpaka ndani, ikashika. Na duka likajaa kwaya. Wote kwa pamoja, wanaume chini, wanawake juu, wazi kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikuwahi kuisikia sehemu ile ya wimbo, miaka yote ile. Ulikuwa mwisho mzuri sana.

Nyandwi alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuinua mkono. Nilimwona anatafuta, anamtafuta mmoja humo katikati ya wote, kama unavyomtafuta mtu wako kwenye behewa linaloondoka. Wakaimba mpaka wakamaliza.

"Kumbe unaishia hivi," akasema.

"Mzee, nitajaribu tena, nitaipasha kidogo..."

"Hapana. Hapo ni wote." Akavaa kofia. "Kitambaa kipo?"

Nikatoa mfukoni ule mkanda. Akaukung'uta vumbi la ufagio, akaukunja mara mbili, akautia kifuani pale alipokuwa akiweka santuri. Akanipa mkono, na hakuniambia neno baya, afadhali angeniambia. Akashuka baraza, akashika njia yake ya Katumba. Sikumwona tena.

Sindano ilikuwa imefika mwisho wa santuri, inagonga pale pale kwenye karatasi, kra, kra, kra. Evarist akaita kutoka nyuma, "Kalinde, zima hiyo, unamaliza sindano. Na hilo bakuli umeliharibu, kuna mwalimu alishalichagua."

Bisibisi yangu ilikuwa juu ya kaunta, na koti langu kwenye msumari, na ndani ya koti kulikuwa na funguo za chumba nilichopanga. Nikaviacha. Nikainua ubao wa kaunta, nikapita, nikaushusha taratibu usigonge. Redio mpya kwenye rafu ilikuwa inasoma habari. Nyuma yangu ile mashine inaendelea, kra, kra, na Evarist anaita, "Kalinde? Kalinde, unakwenda wapi?"

Nikashuka baraza, nikapita njia ya Kakese, ambako siku hizo sikuwa na ndugu hata mmoja, na sijarudi.